Mama hataki "nyuklia" ya mshipa wa shingo

SWALI: Shikamoo mzee. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Kikuyu hapa Dodoma. Mwezi wa sita alikuwa anapepeta karanga, mara mkono wa kulia ukalegea, ungo ukamponyoka. Baada ya nusu saa akawa mzima. Altrasaundi ya shingo ilionyesha mshipa wa kushoto una mafuta na umeziba asilimia 40. Kaka yangu aliyeko Uingereza anataka kutuma hela mama apigwe picha ya nyuklia, eti inaonyesha mshipa unaowaka ndani. Mama kauliza kama ndiyo ile urani, madini yenye mionzi ya kule Bahi, na amekataa. Tumbembeleze? Dawa ya lehemu aliiacha Agosti, mkono ulipopona. Binti wa Kikuyu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mama urani ya Bahi haimo. Anachodungwa ni sukari iliyobandikwa florini-18, yenye mionzi inayokwisha upesi: kila dakika 110 inabaki nusu. Ingetengenezwa Dar es Salaam ikapanda treni ya SGR, ikifika Dodoma baada ya saa nne kasoro ingebaki kama robo. Ndiyo maana haikai stoo.

Kaka yako naye hajadanganywa. Umewahi kuona nyumba ya tembe iliyoliwa na mchwa? Ukuta umesiribwa vizuri, laini kabisa, ukigonga unasikia uwazi. Altrasaundi inakupimia ukuta, yaani umenenepa kiasi gani na njia imebaki pana kiasi gani. Picha hii ya nyuklia, iitwayo PET, inatafuta mchwa. Ndani ya yale mafuta huingia seli nyeupe za damu, na zikiwa kazini hula sukari kwa pupa. Ile sukari yenye mionzi hurundikana hapo, mashine ikaona panang'aa. Kiswahili chetu huita hali hiyo uvimbe, ila usifikirie jipu wala kansa. Seli hizo ndizo hudhoofisha utando unaofunika mafuta. Utando ukichanika, damu huganda juu yake, na donge linaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Mshipa ulioziba kidogo tu unaweza kufanya hivyo.

Lakini ni picha yenye deko. Mgonjwa lazima akae na njaa kwa saa kadhaa. Nilipokuwa mafunzoni Afrika Kusini, bwana mmoja alikunywa soda njiani, akanyamaza. Picha ilipotoka misuli yote inang'aa, mishipa haisomeki, na dozi nzima imepotea. Kwa mishipa ya moyo ni shida zaidi, maana moyo wenyewe ni mlaji wa sukari, unang'aa na kuifunika.

Hospitalini PET hutumika hasa kwa kansa, na pia pale kinga ya mwili inaposhambulia mishipa mikubwa, kama ugonjwa wa Takayasu. Kwa mafuta ya mshipa wa shingo, bado wanaoihitaji zaidi ni watafiti. Ukipigwa ukaambiwa panawaka, utapewa dawa gani? Zilezile alizoandikiwa mama. Kwa hiyo msimbembeleze.

Sasa turudi kwenye mstari wako wa mwisho, ulioutaja kama salamu za kuagia. Dawa ya lehemu aliiacha Agosti! Mwanangu, mkono ulipona wenyewe ndani ya nusu saa, dawa haikuwa ya mkono. Ni ya ule mshipa. Na picha hizihizi za PET zimewaonyesha watafiti kwamba dawa za kundi la statini, zinazoshusha lehemu, hupunguza ule mng'ao baada ya miezi michache.

Muulize taratibu kwa nini aliacha. Wengine misuli huwauma wakaona haya kusema. Kama ni hivyo arudi kliniki wiki hii, abadilishiwe au apunguziwe dozi, na aulize pia kuhusu aspirini. Mkono ukilegea tena, au mdomo ukienda upande, hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Hela ya kaka ipokeeni. Mnunue mashine ya presha, ile ya kuvalisha mkononi, na betri za akiba.