Chupa ya Kibuye na moyo wa mama

SWALI: Mama Mfamasia, salamu kutoka Nyalenda. Mama yangu anatibiwa saratani ya matiti, na sasa yuko kwenye ile kemo nyekundu, dawa ya kuua saratani inayopitishwa kwenye mshipa. Kabla ya kuanza alipimwa eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, tukaambiwa dawa hiyo inaweza kuumiza moyo. Shangazi akasikia hivyo, akaenda soko la Kibuye, akarudi na chupa ya dawa ya mizizi ya "kukinga moyo". Mama anakunywa kijiko asubuhi na jioni. Aendelee? – Binti, Kisumu

JIBU: Pole sana, binti yangu. Hapana, asimamishe leo. Na shangazi msimgombeze, amefanya hivyo kwa mapenzi.

Hiyo nyekundu huenda ni doksorubisini, ile inayofanya hata mkojo uwe mwekundu siku moja au mbili. Madhara yake kwa moyo hujumlika dozi kwa dozi, ndiyo maana madaktari huweka hesabu na kwa kawaida hawapitishi miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kwa matibabu yote. Kinga ya kwanza ya mama ni hesabu hiyo pamoja na eko.

Muuzaji hakuokota maneno hewani. Maabarani, panya waliopewa dondoo za vitunguu saumu, zabibu au majani ya chai kisha wakadungwa doksorubisini, mioyo yao mara nyingi iliumia kidogo kuliko ya wenzao. Lakini wengi wa panya hao hawakuwa na saratani! Walipimwa moyo tu. Kinachoukinga moyo dhidi ya sumu ya kemo kinaweza pia kuukinga uvimbe, na mama anatobolewa mishipa ili uvimbe huo ufe. Tena ini ndilo linalovunja kemo na mizizi pia. Likivurugwa, dawa huzidi mwilini au hupungua.

Usidhani nadharau miti. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering aliandika jinsi mmea wa digitalisi unavyosaidia wagonjwa waliovimba, na digoksini, dawa ya moyo tunayouza leo, imetoka kwenye jamii hiyo ya mimea. Kipimo chake tunakihesabu kwa sehemu za miligramu, kwa sababu ukizidisha kidogo moyo unapoteza mpigo. Ule mti wa maua ya manjano kama kengele, wenye utomvu mweupe, ambao watu huku kwetu hupanda kwenye uzio, una sumu ya aina hiyohiyo, na mbegu zake zimeua watu. Sasa hiyo chupa yenu, nani amewaambia ni mzizi gani?

Mboga zake za osuga na dek ale, kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Vidonge vya vitunguu saumu sitaki. Akivimba miguu, au akikosa pumzi akilala chali, msingoje tarehe ya kliniki, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Chupa nayo msiimwage. Ibebeni, mwambie daktari ameinywa tangu lini.