Moduli za pawasaplai za bei chee: mmeuliza, najibu

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya zile bodi za kuagiza nje za bei chee. Kabla sijaanza, jambo moja ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote: moduli inayokula betri na moduli inayokula umeme wa ukutani ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya kwanza ikiwa mbovu utapoteza kifaa, ya pili ikiwa mbovu unaweza kupoteza mtu.

Mkuu, moduli yangu ya LM2596, ile ya kushusha volti, imeandikwa ampea 3, nikivuta 2 tu haishikiki kwa moto. Nimepigwa feki?

Labda umepigwa, ila hata orijino ingekuunguza. Piga hesabu: tuseme unatoa volti 12 kuja 5, ukivuta ampea 3 hizo ni wati 15, ufanisi wa hiyo aisii (ile chipu yenyewe) hapo ni kama asilimia 80, kwa hiyo karibu wati 4 zinabaki kuwa joto kwenye kibodi cha saizi ya kidole gumba na hitisinki (bati la kupooza joto) hamna. Ampea 3 ni uwezo wa aisii kwenye datashiti, sio wa bodi nzima. Mi naihesabu kama ya ampea 1.5. Kama una osiloskopu (kifaa cha kuona mawimbi ya umeme), orijino inaswichi, yaani inawasha na kuzima umeme, kwa kilohezi 150, ukikuta inapiga 50 hivi jua sio yenyewe. Na kabla hujaunga kifaa chako weka volti kwanza na multimita, kile kiskrubu cha kurekebisha volti kinakuja kimekaa popote.

Kaka, nataka kile kibodi tupu cha kushusha 230 kuwa 5 nikifiche ndani ya boksi la swichi. Nitajuaje ni salama?

Hapa naomba tutulie. Geuza bodi utazame chini. Lazima uone mstari mtupu unaotenganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa volti 5, unapita chini ya transfoma na chini ya optokapla (kile kijidude kinachopitisha ishara kwa mwanga kati ya pande hizo mbili), usiwe na njia ya shaba wala tone la risasi katikati. Mi nataka milimita 6, nikikuta 2 au 3 naitupa hata kama inafanya kazi vizuri, maana inafanya kazi vizuri mpaka siku vumbi na unyevu vikikutana hapo. Halafu tafuta kile kikapasita cha bluu kinachovuka pande zote mbili, kiwe kimeandikwa Y1, yaani kapasita ya daraja la usalama. Wengine wanaweka kapasita ya kawaida kuokoa senti, na hiyo ikipiga shoti basi 230 inakuja moja kwa moja kwenye waya unaoushika. Fyuzi je, ipo? Nyingine hawajaweka kabisa.

Transfoma ndani huwezi kuiona, na ndani ndo kuna tepu inayotenganisha koili, kwa hiyo mi hununua mbili na moja naivunja. Ila angalizo, kapasita kubwa inakaa na volti kama 325 hata ukishachomoa, ipime kwanza kabla ya kugusa.

Ina alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, haitoshi?

Haitoshi. Kwa vitu kama hivi CE ni mtengenezaji anajitangazia mwenyewe. Na 94V-0 iliyoandikwa kwenye bodi inahusu ubao kutoshika moto kirahisi, saketi haihusiki.

Boksi langu la chuma la 12V ampea 30 linanitekenya nikiligusa.

Hujaunga erthi. Ndani kuna kapasita mbili zinazoenda kwenye boksi la chuma, bila erthi chuma kinaelea kwenye nusu ya umeme, kama volti 115. Zima, unga erthi, usilitumie hata dakika moja bila hiyo. Na chungulia kile kiswichi cha pembeni cha kuchagua volti kisiwe kwenye 115 wakati umeme wako ni 230, boksi litalipuka.

Nikishaipata ile bodi ya 230 kuwa 5 naijaribuje bila hatari?

Weka balbu ya nyuzi ya wati 60 kwenye mfululizo na waya wa umeme. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, chomoa. Ikimulika kidogo na kufifia endelea, sasa toa balbu, funga rezista ya omu 5 ya wati 10 kwenye volti 5, hiyo itavuta ampea 1, acha saa nzima ukiwa karibu bila kugusa kitu. Volti ibaki kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo wakati lebo inadai ampea 2, na kama lile pengo la milimita 6 na kapasita ya Y1 vilipita, naiandikia 0.5 kwa maka peni naitumia kazi ndogo. Ikitoa harufu ya kuungua naikata waya kabisa, nisije nikaitupa mzima akaiokota mtoto wa mtu akaichomeka.