"Cha Binadamu" Si "cha Kibinadamu"

Msomaji anayefanya kazi katika maabara ya baiolojia ameniandikia kuhusu kichupa cha unga mkavu ambacho lebo yake ya Kiingereza, "human epidermal growth factor", ameombwa aifasiri. Ndani yake mna protini ya binadamu inayochochea ukuaji wa seli za ngozi, iliyozalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni, nayo ni ya utafiti tu. Yeye ameandika "kigezo cha ukuaji wa kibinadamu", na anauliza kama "kigezo" kinafaa.

Hakifai. Kigezo kimetokana na kitenzi "geza", yaani kuiga. Fundi cherehani hukiweka juu ya kitambaa ndipo akate. Protini hii haiigwi na seli: hujishikiza kwenye kipokezi kilicho juu ya seli na kuisukuma igawanyike. Basi ni kichocheo, ingawa walimu wa kemia wamekwisha kulitwika neno hilo kazi nyingine, ya kutaja kitu kinachoharakisha mmenyuko.

Kinachoniudhi, na kimeniudhi miaka mingi, ni "kibinadamu", ambacho msomaji hakukiuliza kabisa. Kila siku nasoma "mwili wa kibinadamu", "damu ya kibinadamu", "seli za kibinadamu". Binadamu ni neno la Kiarabu, mwana wa Adamu, lakini hiyo "ki-" ni yetu wenyewe, na haionyeshi mwenye kitu, huonyesha namna ya kitu. Mtoto akilia, hicho ni kilio cha mtoto. Mtu mzima akijitupa chini na kupiga miguu kwa sababu chai yake imepungua sukari, hicho ni kilio cha kitoto, na hakuna mama wa Kiswahili atakayevichanganya viwili hivyo, hata akiwa usingizini na kilio kinatoka chumba cha pili. Vivyo hivyo msaada wa kibinadamu ni ule unaotolewa kwa utu na huruma. Damu haina huruma wala ukatili. Ni damu ya binadamu, basi.

Msomaji aweza kujitetea kwamba protini hii haikutoka mwilini mwa mtu bali kwa bakteria, kwa hiyo ni ya mfano wa binadamu tu. Hoja hiyo ina akili, lakini siikubali. Protini hii ni mnyororo wa asidi amino 53, yaani vipande vinavyojenga protini, na bakteria huzipanga kwa mfuatano ule ule ulioandikwa katika jeni ya binadamu. Barua ya babu ikinakiliwa neno kwa neno na mjukuu hubaki barua ya babu. Haigeuki kuwa barua ya kibabu.

Tena neno "binadamu" limewekwa pale kwa sababu maalumu. Stanley Cohen, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini, aliitambua protini hii kwanza katika tezi za mate za panya, baada ya kuona kwamba panya wachanga waliodungwa maji ya tezi hizo walifumbua macho mapema kuliko wenzao. Kuna ya panya, kuna ya binadamu, na mtafiti anataka kujua ni ipi. Mbona hakuna anayethubutu kuandika "protini ya kipanya"?

Limebaki kosa la tatu, ile "wa" aliyoiweka msomaji baada ya "ukuaji", nalo linaweza kupotosha watu. "Kichocheo cha ukuaji wa binadamu" ni kitu cha kurefusha watu, na msomaji atadhani ni homoni ya ukuaji. "Kichocheo cha ukuaji cha binadamu" ni kichocheo ambacho asili yake ni binadamu. Kiingereza hurundika maneno yote pamoja na kumwachia msomaji ayachambue. Sisi tuna upatanisho wa ngeli unaolimaliza jambo hilo kwa silabi moja, halafu tunaitupa!

Andika: "kichocheo cha ukuaji wa seli za ngozi, cha binadamu, kilichozalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni". Nafasi ya lebo ikiwa finyu, ondoa seli za ngozi ukipenda, lakini hiyo "cha" ya pili usiiguse.