Virusi havionekani, mbona kipimo bado chasema ninavyo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Natumia ARV tangu 2019, kidonge kimoja kila usiku. Mwezi uliopita CTC, kliniki ya VVU, waliniambia virusi havionekani na CD4 zangu, yaani chembe za kinga ya mwili, ni 640. Kwa furaha nikaenda kupima upya zahanati nyingine, bila kuwaambia kitu. Jibu likawa lilelile: ninavyo. Nani mkweli? Na siwezi kupumzika dawa japo miezi mitatu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Wote wamekuambia kweli, ila vipimo hivyo havitafuti kitu kimoja. Kile cha tone la damu ya kidole hakimtafuti kirusi. Mstari wa C huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Wa T hujitokeza kikikuta kingamwili ambazo mwili uliziunda dhidi ya VVU, nazo hubaki miaka na miaka. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachohesabu virusi vyenyewe, na "havionekani" maana yake viko chini ya idadi ambayo mashine inaweza kusoma, mara nyingi 50 kwa mililita ya damu.

Basi vimejificha wapi? VVU akiingia kwenye chembe ya CD4 hugeuza RNA yake kuwa DNA, kisha huipachika ndani ya vinasaba vya chembe hiyo. Chembe nyingi huzalisha virusi na kufa. Ndiyo sababu asiyetumia dawa CD4 zake hushuka, na zikipungua chini ya 200 tunasema amefikia UKIMWI: TB, utando mweupe kooni na homa ya uti wa mgongo ya fangasi hupata mlango. Lakini chembe chache hulala, kwenye matezi na kuta za utumbo. Hazitengenezi kirusi, kwa hiyo dawa haina cha kuzuia humo. Idadi yake hupungua nusu kwa takriban miezi 44. Kuzimaliza kwa vidonge kungechukua zaidi ya miaka 60. Ukiacha dawa, zikaamka chache tu, kwa watu wengi virusi huonekana tena ndani ya wiki 2 hadi 4.

Hiyo mapumziko unayoiwazia imeshajaribiwa. Katika utafiti wa SMART, wenye watu 5,472 kutoka nchi 33, kundi moja liliacha dawa CD4 zikiwa juu ya 350 na kuanza tena zikishuka chini ya 250. Mwaka 2006 jaribio likasitishwa: waliopumzika walipata magonjwa nyemelezi au kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao, na hata maradhi ya moyo, figo na ini yaliongezeka kwao. Tena, kama una homa ya ini B bila kujua, tenofovir iliyo ndani ya kidonge chako ndiyo inayoituliza. Ukiiacha ghafla ini linaweza kuwaka.

Endelea kumeza, ndugu yangu. Virusi vikibaki hivyo, humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana. Na kujipima kwa siri uache: kwa baadhi ya wanaotumia dawa muda mrefu mstari wa T hufifia au hupotea, wakadhani wamepona.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu, nami natumia kidonge chenye dolutegravir. Nimeze pamoja?
Mama mtarajiwa, Tanga

JIBU: Pamoja, ndiyo, lakini ukiwa unakula. Dolutegravir hung'ang'ania madini. Ikikutana na chuma, madini yaliyo kwenye vidonge vyako vya damu, tumboni mwenye njaa hunasana nayo na sehemu kubwa haifyonzwi. Kama huna chakula, meza ARV kwanza, chuma baada ya saa 2. Ukianza na chuma, subiri saa 6. Kalsiamu ni vivyo hivyo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu ni kali zaidi: hizo chakula hakizisaidii, fuata saa tu.