Triumph kuukuu kwenye jam ya Waiyaki Way: alteneta ipi ununue?

Taa ya mbele ilianza kugeuka rangi ya chai ya mkandaa pale Westlands. Mvua inanyesha, magari yamegandana, nami niko juu ya Triumph ya 1969, pikipiki ya Uingereza, inayonguruma polepole. Kufika Kangemi injini ikapiga chafya mara mbili, ikanyamaza: alteneta, inayozungushwa na injini kutengeneza umeme, haikuwa inachaji betri. Kijana wa bodaboda alinisaidia kusukuma hadi petroli stesheni, akaniuliza, "Mzee, hii si ya makumbusho kweli?"

Kesho yake nilifanya kosa. Nilikimbilia Kirinyaga Road nikanunua regyuleta (inayodhibiti umeme wa kuchaji betri) ya bodaboda kwa sababu ilikuwa rahisi, nikamwachia fundi aiunge. Pikipiki za siku hizi hushika fremu kwa upande wa hasi wa betri. Triumph za miaka ile hushika kwa chanya. Fundi aliunga kwa mazoea, na regyuleta ikatoa moshi kabla sijapiga kiki. Simlaumu sana. Mimi ndiye niliyejua, na nikakaa kimya nikinywa chai.

Kwa hiyo anza na mita, si na pesa. Betri nzima ya volti 12 ikipumzika husoma kama 12.6. Ukivuta mafuta inapaswa kupanda hadi 14 na kidogo. Isipopanda, chomoa waya za stata, ile sehemu ya alteneta isiyozunguka, pima kama kuna mmoja uliogusana na chuma cha injini. Haitakiwi hata kidogo. Wangu ulikuwa umechunika pale unapotokea kwenye kava ya cheni, mahali pasipoonekana bila kufungua.

Sasa uchaguzi wenyewe. Alteneta ya Lucas RM21, ile ya fezi moja (mkondo mmoja wa umeme), hutoa wati 120 hivi, na matangazo yote hupenda kutaja namba hiyo. Lakini hiyo ni injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na ni nani anayefika huko saa kumi na mbili jioni Nairobi? Kwenye jam unazunguka 1,000 na ushei, alteneta inatoa kijisehemu tu cha umeme huo, huku taa na koili ya kuwasha plagi vikidai chao bila huruma. Tofauti inalipwa na betri mpaka ichoke. Ya fezi tatu si lazima izidi kule juu, ila huku chini, kwenye mwendo wa kobe, inachaji vizuri zaidi. Ndiyo niliyochukua. Inataka regyuleta yake ya fezi tatu, na ile zena ya zamani (iliyomaliza volti zilizozidi) pamoja na rektifaya (iliyogeuza umeme wa alteneta uwe wa kuchaji betri) unaviondoa kabisa.

Kama yako hutoka Jumapili asubuhi tu kwenda Limuru, au kuonyeshwa Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari na pikipiki, pale Ngong Racecourse, usijisumbue. Fezi moja na regyuleta ya kisasa vinatosha. Hata balbu ya LED peke yake itakupunguzia mzigo, mradi uhakikishe inakubali chanya kwenye fremu.

Wenye dainamo, jenereta ya kabla ya alteneta, tuseme pikipiki ya BSA A10 na Lucas E3L yake ya wati 60, mambo yenu ni mengine. Dainamo hiyo hiyo ya volti 6 inaweza kupandishwa hadi volti 12 kwa regyuleta ya elektroniki, lakini itaanza kuchaji mizunguko ikiwa juu zaidi. Kwa jam, hapana.

Ukiagiza Uingereza, agiza vyote mara moja, gasketi ya kava ikiwemo. Kagua rota pia, ile sumaku inayozunguka ndani ya stata: kiini chake kikicheza, haifai. Ukifunga, hakikisha kati ya rota na stata pana nafasi isiyopungua milimita 0.2 kuzunguka pande zote. Fyuzi iwe kwenye waya wa hasi wa betri.

Halafu chukua maka nyekundu, uandike chini ya kiti: CHANYA KWENYE FREMU. Mimi sitakuwepo kila mara fundi anapofungua.