Matiti yamelainika, mtoto analia jioni: je, anashiba?

*Shangazi, salamu kutoka Nyalenda, hapa Kisumu. Mtoto wangu wa kwanza ana siku 9. Jioni ananyonya, analala dakika kumi, anaamka akilia. Matiti yaliyokuwa yamejaa sasa yamelainika, na nilipokamua nilipata kijiko kimoja tu. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni maji matupu, nimpe ya ng'ombe yaliyozimuliwa. Nifanyeje?*

Mwanangu, hongera kwa kujifungua. Hayo ya ng'ombe yaweke kando. Figo za mtoto wa siku 9 haziyawezi, hata ukiyazimua. Tena akishibia kikombe hatanyonya sana, na titi lisiponyonywa maziwa yatapungua kweli.

Kulainika ni kawaida, ule uvimbe wa siku za mwanzo umetulia. Hicho kijiko nacho kisikutishe, mdomo wa mtoto unajua kazi hiyo kuliko vidole vyako. Na jioni wachanga wengi hudai titi bila kupumzika. Wangu alinilisha ugali baridi mwezi mzima.

Wewe angalia nepi. Kwa umri wake alowanishe sita au zaidi kwa saa 24, mkojo ukiwa mwepesi. Kama hujui nepi iliyolowa ina uzito gani, chukua kavu, imwagie vijiko vitatu vikubwa vya maji, kisha ishike. Choo kiwe laini, cha manjano. Kile cheusi cha mwanzo kiwe kimeshakwisha. Anyonye mara 8 hadi 12 usiku na mchana, na ukitega sikio umsikie akimeza. Afungue kinywa sana, ashike na weusi unaozunguka chuchu. Ukiumia, mtoe umshikishe upya.

Wachanga hupungua uzito siku za kwanza, ila wiki ya pili ikiisha wengi huwa wamerudia ule wa kuzaliwa. Chukua kijitabu chako cha kliniki, akapimwe wiki hii. Lakini akiwa mlegevu hata kunyonya haamki, nepi zikikaa kavu, mkojo ukiwa na rangi ya chai, mwili ukiwa moto au macho yakigeuka manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mama mkwe usibishane naye. Nenda naye kliniki, asome mizani mwenyewe. Na akiuliza akusaidie nini, mwachie beseni la nepi afue. Atazihesabu bila kuambiwa.