Simu ya marehemu kaka yako itunze tu

Dada angu umeuliza kama una tatizo, eti umelia sana na ile kaseti kwenye Sapta Sagaradaache Ello, ile filamu ya mapenzi ya India ya lugha ya Kikannada, na simu mbovu ya marehemu kaka yako bado umeifungia kabatini, mi sioni tatizo. Manu yuko jela kwa kosa la mtoto wa bosi wake, sauti ya mpenzi wake Priya kwenye kaseti ndo inamshikilia, na hata sehemu mbili za filamu yenyewe za 2023 zinaitwa Side A na Side B. Ila Side B ndo ikushtue, jamaa katoka jela lakini moyo umebaki kulekule!! Simu tunza, ila mpelekee fundi akutolee zile voisi za kaka yako uzihifadhi kwingine kabla haijafa kabisa, nguo zake wape wadogo zako wavae.